La Nyuso Saba

Haya, nikutegee. Nyumba yangu haina mlango, haina dirisha. Ina kuta tatu na sakafu moja, na hata ukiipindua vipi, ukuta mmoja unageuka kuwa sakafu na kilele kinabaki kimechongoka juu vilevile. Ni nini?

Usiniambie yai. Yai kila mtu analijua, na yai ukilipindua linabingirika likakuacha na aibu yako. Nyumba yangu mimi haibingiriki. Umeshindwa, nipe mji! Ni piramidi ya pembetatu, ile ambayo mwalimu akiishika mbele ya darasa watoto huimba: nyuso nne, kingo sita, kona nne. Lakini mji wako kaa nao leo, maana kisa cha piramidi hiyo kilianza na kimya, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bibi mmoja alikuwa uani anachambua mchele. Ndani alimwacha mjukuu wake, binti mdogo ambaye umri wa shule ulikuwa bado kumfikia, na nyumba nzima ikimwita Chiriku. Jina hilo hakulipata bure. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa ana neno mdomoni, mkunga akamkatiza, na tangu siku ile hajamaliza kulisema. Alizungumza na vikombe, akagombana na viatu, akaiaga kila punje ya mchele iliyokwenda sufuriani.

Asubuhi hiyo bibi alichambua ungo wa kwanza huku akisikia sauti ya Chiriku chumbani, mara akicheka, mara akimkemea mtu asiyekuwepo. Akaanza wa pili. Alipofika katikati ya wa pili mkono wake ukasimama wenyewe. Sauti haikuwepo.

"Chiriku?"

Kimya.

"We Chiriku! Unafanya nini humo?"

Kikaja kikohozi kimoja, kikavu, kama cha mtu mzima. Mchele ulimwagika uani na kuku wakaupokea kwa mikono miwili, kama kuku wangekuwa na mikono.

Alimkuta mjukuu amekaa sakafuni chini ya kabati, stuli imeanguka kando yake. Kopo la biskuti la mama yake lilikuwa wazi. Mama yake Chiriku, ambaye ni binti wa bibi, alikuwa mwalimu wa hesabu, na ndani ya kopo hilo aliweka maumbo madogo ya udongo wa kuchoma aliyoyafinyanga kwa mkono, kila moja likizidi harage kidogo tu. Alikuwa ameyaweka juu kabisa ya kabati na kusema, "Mama, hili kopo lisiguswe. Hata na wewe." Sasa maumbo yalikuwa yametapakaa sakafuni, na Chiriku ametoa macho, machozi yanamtiririka, midomo ina vumbi jekundu, mkono ameushika kooni.

Bibi alimpachika kidole mdomoni, akazungusha kushoto, akazungusha kulia, akampiga mgongoni. Hakikutoka kitu.

"Umemeza? Niambie mama, umemeza nini?"

Chiriku akamtazama. Alikuwa anapumua vizuri. Kukohoa kulikuwa kumekoma. Lakini mdomo aliufunga kama mfuko uliofungwa kamba.

Basi bibi akazoa kila kilichokuwa sakafuni, akakitia koponi, akamtia mtoto mgongoni na kumfunga kanga, akatoka bila viatu. Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa barazani kwake ana sindano mdomoni.

"Kulikoni, shoga?"

"Mtoto kameza kitu! Niangalizie nyumba. Pekua chumba kizima, chini ya kitanda, kwenye mikeka, ukiona kidude chochote cha udongo nipigie!"

Fundi cherehani aliitema sindano na kwenda hivyohivyo, futi yake ikining'inia shingoni.

*

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimsikiliza Chiriku kifua, akammulika koo kwa tochi, masikio, pua. Akambonyeza tumbo. Muuguzi, mama mnene mwenye viatu vyeupe, alimshika mtoto mikono huku akimwita "mchumba."

"Shikamoo bibi," daktari akasema, kwa kuwa mwanzoni hakupata nafasi hata ya kusalimu.

"Marahaba. Atakufa?"

"Njia ya hewa iko wazi. Kama kuna kitu kimeingia, kimeshateremka tumboni. Ningempiga picha tukaona, lakini mashine yetu imelala, tunamsubiri fundi. Kwa hiyo nitakuuliza wewe. Kilichopotea kikoje?"

"Ni udongo. Vidude vya somo la mama yake."

"Vyenye ncha au butu?"

Bibi akalitazama kopo kama vile lenyewe litajibu. "Vingine hivi, vingine vile."

"Hapo ndipo penye shughuli," daktari akasema, akavuta kiti. "Kama ni butu, tunamrudisha nyumbani, anakunywa maji, kinatoka chenyewe. Kama kina ncha kinaweza kutoboa utumbo. Hicho inabidi nikifuate kwa kamera nyembamba kupitia kooni, nikikute bado kiko tumboni. Kikishavuka kuingia utumbo mdogo, kamera yangu haifiki. Itakuwa kisu."

Bibi akampigia binti yake. Simu iliita mpaka ikachoka, kwa maana walimu huacha simu ofisini. Akapiga namba ya shule.

"Shule hapa. Mlinzi anaongea."

"Baba, nipe mwalimu wa hesabu, haraka."

"Mwalimu yuko darasani, mama. Wakati wa vipindi utaratibu wetu haturuhusu..."

"Mwanawe kameza kitu!"

Kikasikika kiti kikianguka na miguu ikitimua mbio. Simu ikabaki hewani peke yake, na kwa mbali bibi akasikia darasa likiimba kitu kwa pamoja, kisha likikatika katikati ya wimbo.

"Mama! Anapumua?"

"Anapumua. Tuko hospitali. Ananitazama tu."

"Anasemaje?"

"Hasemi."

"Chiriku hasemi?"

"Hasemi, mwanangu."

Mwalimu akajikaza, na sauti yake ikawa ile ya ubaoni. "Kopo unalo? Yalikuwa matano. Hesabu."

Bibi akayamwaga kwenye shuka la kitanda. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akarudia akitokea upande wa pili, asije akawa amejipendelea. Matano.

"Yapo! Yote matano yapo!"

Wacha watu wapumue. Mwalimu huko aliko alicheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi akampiga Chiriku kofi dogo la tako: "Mchumba, umemeza mate yako ukatuletea mji mzima!" Daktari akatoa kile kidude cha kusikilizia shingoni, akakiweka mfukoni. "Basi bibi, nendeni. Leo mmepata bahati."

Lakini bibi hakusimama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake. Kama hakuna kilichomezwa, mbona ndege wangu hajalia? Mtoto ambaye siku nyingine angekuwa ameshamuuliza daktari jina la mama yake na kama tochi ile inauma, amekaa kimya na mkono wake bado uko kooni.

"Mwanangu," akamwambia binti yake kwenye simu, "kabla sijaondoka, hebu tuyakague. Mimi majina yake siyajui. Niambie kwa nyuso na kona."

"Mama, si umesema yapo?"

"Nisaidie moyo wangu utulie."

Muuguzi akampa kalamu. Bibi akavaa miwani yake, mkono mmoja wa uzi, akachukua la kwanza. Kila uso alioupita akautia nukta, asije akauhesabu tena.

"Nyuso nane. Kona sita. Kingo... kumi na mbili."

"Hilo ni kama piramidi mbili zimegongana vitako. Ndilo. Jingine."

"Nyuso tano. Kona sita, kingo nane."

"Hapana, mama. Kumbuka nilivyokuwa najifunzia somo jikoni: nyuso ukijumlisha na kona, lazima zizidi kingo kwa mbili. Tano na sita?"

"Kumi na moja."

"Toa mbili."

"Tisa. Ngoja." Akarudia. Ukingo mmoja ulikuwa umejificha chini ya dole gumba. "Tisa. Kweli, tisa."

"Huo ni mche wa pembetatu, kama hema. Jingine."

"Nyuso tano tena. Kona tano. Kingo nane."

"Piramidi yenye kitako cha mraba. Vizuri. Jingine."

La nne lilikuwa dogo kuliko yote, hata kalamu ilipata shida kulitia nukta. "Nyuso nne, kona nne, kingo sita."

"Mungu mkubwa," mwalimu akasema. "Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Mengine niliyasugua kwa msasa. Hilo nililiacha na ncha zake, kali kweli, watoto wazihesabu kwa kidole. Basi umebaki mchemraba tu. Nyuso sita, kona nane, kingo kumi na mbili, utakuta ndio huo, mama, nenda nyumbani."

Bibi akashika la tano. Moja, mbili, tatu. Akafika sita na mkono bado unaona uso usio na nukta.

"Saba."

"Sita, mama."

"Saba."

"Umehesabu mmoja mara mbili."

"Nukta ninazo saba, mwanangu, na sijatia mbili mahali pamoja. Subiri." Akahesabu kona, polepole, akizitaja kwa sauti, na muuguzi akawa anahesabu naye. Kumi. Akahesabu kingo. Kumi na tano. "Saba na kumi ni kumi na saba. Toa mbili, kumi na tano. Inakubali! Kanuni yako inakubali."

Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo ubao ulikuwa umeshaikimbia, "Mama, mimi sina umbo la nyuso saba."

Daktari, aliyekuwa ameshashika kitasa cha mlango, akakiachia.

"Uso huo wa saba ukoje?"

Bibi akaupitisha ncha ya kidole. "Mdogo. Wa pembetatu. Na unakwaruza, hauko laini kama wenzake."

"Basi ni mchemraba wangu," mwalimu akasema. "Umekatika kona. Ikikatika kona moja, moja inaondoka, tatu zinazaliwa, na pale pa jeraha unatokea uso mpya. Mama... na hicho kipande kilichokatika kiko wapi?"

Bibi alichukua lile dogo kuliko yote, lile la nyuso nne, lililokwisha kumpa raha. Akaligeuza mpaka akaona uso wake mmoja unaokwaruza. Akalisogeza kwenye jeraha la mchemraba.

Likakaa. Likakaa pale kama kifuniko kinavyokaa kwenye chungu chake, na mchemraba ukawa mchemraba.

Nyuso nne, kona nne, kingo sita. Hesabu haikuwa imemdanganya. Ilikuwa tu haijamwambia ukubwa. Kipande cha kona kilikuwa kimejikalia koponi kwa jina la mwenzake, na piramidi yenyewe, ile kali, isiyosuguliwa, haikuwepo.

"Bibi?" daktari akaita.

"Halipo," bibi akasema. "Lile la ncha halipo."

*

Mwalimu alisema "Nakuja," lakini shule ilikuwa upande wa pili wa mji, na njia ya huko haijawahi kumhurumia mtu mwenye haraka. Fundi cherehani alipiga simu akihema: amepekua chini ya kitanda, amekung'uta mikeka, amefagia chumba mara mbili na kuchekecha vumbi kwa chujio la chai. "Nimepata vifungo, nimepata hereni yako uliyosema nimeiba. Udongo hakuna."

"Hereni baadaye," bibi akasema.

Vyombo viliingizwa. Daktari akamvuta bibi pembeni, karibu na sinki.

"Mtoto amekula saa ngapi?"

"Uji. Bakuli zima. Tena akaongeza."

Daktari akafumba macho kidogo. "Nikimlaza usingizi na tumbo limejaa, anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Watoto hufa kwa hilo. Nikiwa na hakika kwamba lile dude limo, nitaingia. Nitamwita mwenzangu wa usingizi, atamlinda njia ya hewa, na hatari hiyo tutaibeba, kwa sababu kusubiri ni hatari kubwa zaidi. Lakini ikiwa limeangukia ufa wa sakafu huko nyumbani, nitakuwa nimemhatarisha bure. Na tukikaa hapa kubahatisha, litavuka. Kwa hiyo nambie, bibi. Limo, au halimo?"

Bibi akatikisa kichwa. Alikuwa uani na ungo wake. Hakuona.

"Anayejua ni mmoja tu," akasema.

Wakamwendea Chiriku. Muuguzi alianza kwa pipi: "Mchumba, nyekundu hii ni yako, niambie tu, umemeza?" Chiriku akaitazama pipi, akameza mate, akanyamaza. Daktari akapiga goti. "Rafiki yangu, sikukasirikii." Kimya. Simu ikaita, mama yake yuko njiani, wakaiweka sikioni pa mtoto. "Mwanangu, umelimeza lile lenye ncha? Sema tu, mama hatachapa mtu. Hatachapa mtu, unasikia?" Pale pale Chiriku alianza kulia, kilio kisicho na sauti, akaisukuma simu.

"Limo au halimo?" daktari akauliza tena, na safari hii haikujulikana anamuuliza nani. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Mwenzake wa usingizi alikuwa ameshafika mlangoni, kofia kichwani.

Bibi alitaka kumtikisa mtoto. Naam, niseme ukweli wake: mikono yake ilishainuka kumtikisa. Kisha akaona jinsi mtoto alivyoitazama mikono ile, akaitua. Tangu asubuhi watu wazima wanne walikuwa wamemwuliza huyu mtoto neno moja, na kila aliyeuliza alimkazia macho kama askari.

"Nipisheni kidogo," akasema. "Kaeni hapohapo, ila nipisheni kwa macho."

Akapanda kitandani, akakunja miguu. Hakumuuliza Chiriku kitu. Aliyachukua maumbo akaanza kuyapanga shukani, na akayapanga vibaya kusudi: hema likalazwa kichwa chini, mchemraba ukaegeshwa ukingoni mwa godoro, karibu kuanguka.

Mkono mdogo ukaja. Ukauokoa mchemraba. Ukaliweka hema sawasawa, na piramidi ya kitako cha mraba ubavuni mwake, na lile la nyuso nane mbele yao. Kisha Chiriku akaufunika kwa kidole ule uso wa saba, akaushikilia hivyo, kama mtu anayezuia damu.

"Anaumwa," akasema.

Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi. Muuguzi alijiziba mdomo kwa kiganja. Bibi hakuinua hata kichwa, ingawa moyo wake ulikuwa unapiga mpaka miwani ikicheza.

"Pole yake. Kaumizwa na nani?"

Kimya. Daktari alitaka kusogea. Bibi akamzuia kwa kidole kimoja tu, nyuma ya mgongo.

"Hakufanya kusudi," Chiriku akasema.

"Kama hakufanya kusudi, mimi simgombezi. Nani?"

"Yule wa ncha. Tulikuwa tunacheza, akamgonga mwenzake kichwani, kichwa kikatoka." Machozi yakaanza tena. "Mama atamchapa."

"Mama kasema hatachapa mtu."

"Husema hivyo," Chiriku akajibu, kwa hekima ya mtu aliyewahi kuamini.

Mwenye kofia mlangoni alikohoa. Bibi akapapasa shuka pale kwenye nafasi tupu, kati ya mchemraba na hema, mahali ambapo mtoto alikuwa ameacha pengo bila kuambiwa.

"Basi tumwite aje akae hapa na wenzake, asiogope peke yake," akasema. "Yuko wapi?"

Chiriku aliutazama mlango, kuhakikisha mama yake hajafika. Aliitazama mikono ya daktari, ambayo tayari ilikuwa na glavu. Kisha akainua gauni lake, akaweka kiganja juu ya tumbo, akamsogelea bibi sikioni. Lakini sauti yake ilikuwa imeshamrudia, na chumba kizima kilisikia.

"Nimemficha humu. Nilimmeza mzimamzima, bibi, meno yasimuumize."